Sauti ya Asili Ninayo Mimi

Jamani, leo nimeadhirika. Tena si ile aibu ya chumbani, ya mtu kujikwaa akaangalia huku na huku akaona hakuna aliyemwona. Nimeadhirika ukumbini, mchana kweupe, spika zimewashwa na watu wamejaa mpaka mlangoni. Na kabla hamjaanza kuniuliza "ilikuwaje, ilikuwaje", nataka mjue jambo moja: nimekasirika. Sitaki kuliwazwa. Nimekasirika. (Aibu ninayo pia, lakini hiyo ni yangu.)

Kwa wageni wa grupu, mimi ni Omari. Napiga kinanda cha umeme kwenye harusi hapa Mtambile, na siku zisizo na harusi natengeneza simu. Hiyo ni riziki. Mapenzi yangu ni mengine kabisa: sintesaiza za zamani, zile za miaka ya sabini. Hazikuwa na kompyuta ndani. Sauti ilizaliwa na umeme wenyewe, na mpigaji alizungusha vifundo mpaka sauti inenepe, ikonde, ilie, ing'ate. Watu wa jazi wakazichukua, wakazichanganya na gitaa na ngoma za roki, ukatoka muziki ambao ukiusikia unasahau ulichotumwa dukani.

Sintesaiza yenyewe sina. Nani anayo Pemba hii? Nina kibodi yangu ya harusi na laptopu yenye programu inayoiga vifundo vile. Basi nakaa, nasikiliza rekodi ya zamani, nazungusha kidogo, nasikiliza, nazungusha tena, mpaka sauti yangu ifanane na ile ya asili. Ni kazi ya subira. Ni kazi ya masikio. Si kazi ya kuchekwa.

Rekodi niliyoishughulikia miezi yote hii ni solo moja iliyomo kwenye kaseti ya mjomba wangu, marehemu Faki, Mungu amrehemu. Mjomba alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kila akirudi alirudi na kaseti alizonakiliwa kwenye bandari za watu. Mkewe, Bi Mize, ambaye ndiye ninayekaa kwake, alinipa fuko zima.

"Chukua," akaniambia. "Miye sina haja nazo. Zanijazia kabati tu."

Nikachukua. Na humo ndimo nilimoikuta solo hiyo. Jamani! Kwanza, sauti yake inayumba. Haisimami mahali pamoja, inapepesuka kama mtu aliyetoka kwenye homa. Pili, katikati inazama. Inashuka, inashuka, unadhani ndiyo basi tena, halafu inapanda taratibu. Na tatu (hapa ndipo nilipokuwa nikisisimka mwili), muziki wote unakatika. Kimya. Halafu ndani ya kimya kile inatoka sauti moja nzito, yenye mkwaruzo: kkho… khrrm-hm. Kisha muziki unarudi kwa kishindo kama vile hakuna kilichotokea.

Nani anathubutu kufanya hivyo katikati ya solo? Fundi peke yake!

Nikaanza kuiga. Kuyumba nilikupata kwa kuyaachia mawimbi mawili yasuguane kidogo, yasikubaliane. Nilishasoma kwamba vyombo vile vikipata moto sauti yake inahama, kwa hiyo nikaelewa: jamaa alikuwa akikiacha chombo chake kipate moto kwa makusudi. Kuzama nilikupata kwa lile gurudumu la pembeni mwa kibodi, la kushusha sauti, mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Lakini ile sauti ya kwenye kimya, ile ilinitoa jasho. Nilichanganya mngurumo, nikatia upepo, nikakibana kichujio mpaka kikaribie kufunga, nikakifungua ghafla. Siku nilipoipata niliinuka nikazunguka chumba.

Bi Mize hakuwahi kuisikia hata kidogo. Nilifanya kazi yote kwa spika za masikioni, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyesema kinanda changu kinamuumiza kichwa. Kumbukeni hilo mnapotafuta wa kulaumu.

Sasa mtauliza: Omari, huko mtandaoni solo hiyo haimo? Imo. Niliisikiliza. Imenyooka kama rula, haiyumbi, haizami, na kile kimya hakipo kabisa. Nikasema aa, hii imepigwa pasi. Watu wa kompyuta wamekaa wakaisafisha mpaka wakaiua. Sauti ya asili ninayo mimi, kwenye kaseti ya mjomba.

Na sikuishia kusema moyoni. Kila niliyemwona mtandaoni akiipiga solo ile, nilimsahihisha, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. "Umesahau kituo, pale pa kimya." "Chombo chako hakijapata moto." Wengi walinyamaza. Mmoja, mzungu wa watu mwenye studio nzuri, akaniuliza kwa adabu kituo gani. Nikamrekodia nikamtumia. Asubuhi ya leo nimeamka nikakuta ameweka video mpya. Ameweka kituo. Ameweka na khrrm-hm. Chini ameandika kwamba anamshukuru rafiki yake wa Pemba kwa kumfungua masikio.

Kwa hiyo mnaweza kufikiria niliondokaje nyumbani. Nilikuwa sitembei, naelea.

Safari yenyewe ilikuwa ya hapo hapo, ukumbi wa vijana. Kuna mwalimu wa muziki kutoka Unguja, Maalim Shaaban, mtu mzima, mpole, anayeunda bendi ya kupiga muziki ule ule wa sabini kwenye jukwaa kubwa huko kwao. Anatafuta wapiga vinanda. Leo alikuja Mtambile kusikiliza watu wa Pemba, kila mtu apige anachojua. Mimi nilitaka kinanda cha kwanza. Sikwenda pale kujaribu bahati, nilikwenda kuchukua changu.

Hamadi, ambaye mnamjua kwa sababu yumo humu na hakauki, ndiye aliyesimamia spika. Watu walikuja wengi, maana Mtambile ukiwasha spika umeshaita watu. Upande wa wanawake nikamwona Bi Mize na jirani zake, kavaa buibui lake jipya. Nilifurahi. Nilisema leo atajua kwamba kile anachokiita kelele ni elimu.

Aliyenitangulia ni kijana wa Wete. Akapiga kipande cha taarabu, kizuri, safi, hakikosei. Nikamhurumia.

Nikapanda mimi. Nikachukua maiki. Sikutakiwa kuchukua maiki.

"Mabibi na mabwana," nikasema, kwa Kiswahili cha redioni ambacho sijui nilikitoa wapi, "mtakachokisikia sasa ni sauti ambayo dunia imeipoteza." (Wallahi nilisema hivyo. Hamadi anayo video.) Nikaeleza habari ya chombo kupata moto. Nikaeleza kituo. Nikasema wengi wamejaribu wakashindwa, kwa sababu hawakubahatika kusikia rekodi ya asili. Nikamwangalia Maalim Shaaban kwa jicho la fundi kwa fundi.

Nikaanza.

Mwanzoni Maalim alifumba macho, kichwa kinakwenda taratibu. Sauti imemwingia! Ilipoanza kuyumba akafumbua jicho moja. Ilipozama akavua miwani. Nikasema huyu nimemmaliza, anataka kulia.

Nikafika kwenye kituo. Nikainua mkono juu. Ukumbi mzima kimya, hata watoto. Nikaushusha mkono polepole, nikabonyeza.

Kkho… khrrm-hm.

"Faki!"

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Watu wakageuka. Bi Mize alikuwa amesimama, mkono kifuani, macho yamemtoka.

"Huyo Faki huyo! Mume wangu kakohoa!"

Ningekuwa na akili ningeendelea kupiga. Badala yake nikachukua maiki tena.

"Bi Mize, tafadhali kaa kitako. Hiyo ni sauti ya sintesaiza."

"Sinteza gani? Weye wan'ambia miye? Maisha yangu yote nilala nacho kikohozi hicho, leo nisikijue?"

Kicheko cha kwanza kikapita. Kidogo tu, cha heshima. Nikasema nikizime kwa elimu.

"Ile ni athari ya kisanii, Bi Mize."

"Athari ya tumbaku ile!"

Hapo ukumbi ukalipuka. Mzee mmoja wa safu ya mbele alikuwa anapiga goti lake kama ngoma. Nami nimesimama na maiki yangu, napiga kelele kwamba jamani tusikilizane, muziki una taratibu zake, huku Maalim Shaaban ameshamgeukia Bi Mize na kumuuliza kwa upole kabisa:

"Samahani, Bi Mkubwa. Ilikuwaje?"

Na Bi Mize, ambaye nyumbani humtoi maneno mpaka umbembeleze, akasimulia mbele ya ukumbi mzima kama anayesoma taarifa ya habari.

"Alikuwa yuko barazani asikiliza mambo yake. Nikamwita, chakula tayari. Kenda kuzima redio, kabonyeza kile kitufe chekundu cha kurikodia. Papo hapo kakohoa. Ndio kashituka, kazima. Basi siku ile kutwa kaninunia miye, ati n'lomwita ni miye!"

"Na huku kuyumba?" Maalim akauliza.

"Kuyumba ni jua. Kaseti hiyo aliisahau juu ya jamvi la karafuu. Zikakauka pamoja."

"Na pale inapozama?"

"Pale redio iliitafuna. Nikaitoa miye kwa mikono yangu, nikaiunga kwa selotepu."

Naapa, sikuwahi kuambiwa hata neno moja katika hayo. Mtu anakupa fuko la kaseti, hakwambii hii imeanikwa, hii imetafunwa, hii ina kikohozi. Anakwambia "chukua". Halafu mimi ndiye wa kuchekwa!

Nikajitetea. "Maalim, usimsikilize. Hizo za mtandaoni ndizo zilizoharibiwa. Zimepigwa pasi. Ya asili ndiyo hii."

Maalim Shaaban akavaa miwani yake. "Kijana, mimi santuri yenyewe ninayo. Niliinunua ilipotoka. Muziki wake nimeutia humu kwenye simu."

Hamadi akaleta waya. Hamadi huyu huyu ambaye harusini unamwomba waya mpaka bibi harusi anachoka kusubiri, leo alikuja mbio! Akaichomeka simu ya Maalim kwenye spika. Na solo ikatoka.

Imenyooka. Haiyumbi. Haizami. Pale kwenye kituo, jamaa alipita bila hata kupumua.

Mimi ni mtu wa sauti. Nilijua tokea noti ya kwanza. Ule mkwaruzo wa sindano juu ya santuri hauigizwi wala haupigwi pasi. Masikio yangu yaliniambia kweli, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia, na ukasema kwenye maiki, kwa sauti iliyojaa:

"Labda santuri yako ndiyo mbovu."

Jamani. Sijui ilitoka wapi. Watu waliinama. Kuna mama alitoka nje ameshika ubavu. Kijana wa Wete alijifunika uso kwa kofia. Maalim mwenyewe alijaribu kujizuia, mabega yakamtikisika, mwisho akashindwa.

"Umesema vyombo vile vikipata moto sauti inahama," akaniambia alipopata pumzi. "Umesema kweli tupu. Ila huu moto ni wa Mtambile."

Nikaanza kukunja nyaya zangu. Nilikuwa nimeshaamua: nafunga laptopu, natokea mlango wa nyuma, nahamia Kojani, navua samaki na watu wasionijua. Ndipo nikamsikia Bi Mize.

"Omari, mwanangu."

Amekuja mpaka mbele ya jukwaa. Hacheki.

"Hebu kipige tena."

"Kipi, Bi Mize?"

"Kikohozi."

Nikamtazama. Nikafungua laptopu. Nikabonyeza. Kkho… khrrm-hm.

"Hebu tena."

Nikabonyeza tena. Nadhani watu walikuwa wanamtazama yeye, si mimi. Aliinamisha kichwa akasikiliza kama mtu anayesubiri kusikia mlango ukifunguliwa.

"Ndiye," akasema. "Hata ile 'hm' ya mwisho. Alikuwa akimaliza hivyo hivyo, kama mtu aliyekubali jambo." Akachukua pembe ya buibui akajifuta macho, halafu akaanza kucheka, na kulia, vyote pamoja. Jirani zake wakaja wakamshika. Mmoja akasema, "Marehemu alikuwa na kifua, lakini alikuwa na moyo." Mwingine akasema nipige tena, naye asikie vizuri.

Nikapiga. Na watu wakapiga makofi.

Makofi! Nataka mlielewe hili vizuri ndugu zangu. Solo nzima, kazi ya miezi, kidole kimekufa ganzi, hakuna hata mtu mmoja aliyenipigia kofi. Nimepigiwa makofi kwa kikohozi. Walisimama! Mzee wa safu ya mbele aliomba kirudiwe!

Kabla ya kuondoka Maalim Shaaban akanivuta pembeni. Nilidhani anataka nimwombe radhi kwa habari ya santuri yake, na kweli nikamwomba. Akanikatisha.

"Masikio unayo," akasema. "Mke kamjua marehemu mumewe kwa kinanda chako. Wangapi wanaweza hilo? Njoo Unguja kwenye mazoezi."

Nikadakia. "Kinanda cha kwanza?"

"Cha pili."

"Cha kwanza nani?"

Akaelekeza kidevu kwa kijana wa Wete, ambaye bado alikuwa anajifuta machozi ya kicheko kwa kofia yake. "Yule anapiga kilichopo," Maalim akasema. "Wewe unapiga na kisichokuwepo. Kaa naye karibu akuzuie."

Nimekubali. Msiniulize kwa nini nimekubali. Ningekataa nini, na waya zangu zote Hamadi ameshazibeba mpaka kwenye gari la Maalim?

Sasa niko nyumbani. Bi Mize amenilazimisha nimtilie kile kikohozi kwenye simu yake, kiwe ndicho kinacholia akipigiwa. Nimemwambia hapana. Nimemwambia haifai, ni kazi ya sanaa, halafu watu watashituka. Akaniuliza kwani nyumba hii ninayoishi ni ya nani. Nimemtilia. Tokea hapo simu haijanyamaza. Wanawake wote waliokuwa ukumbini wanapiga na kukata, wanapiga na kukata, na yeye yuko jikoni, kila kikilia anaitikia, "Ee, Faki, nimekusikia, chakula tayari."

Na yule mzungu wa watu mwenye studio ameniandikia tena. Anauliza kile kituo katika lugha ya muziki kinaitwaje, wanafunzi wake wanataka kujua. Nimeisoma. Sijajibu. Atakayejua la kumwambia aniandikie faraghani, lakini kwa adabu.

Mtaniuliza funzo ni nini. Sina funzo. Nina hasira. Nawakasirikia Bi Mize kwa kunyamaza, Hamadi kwa mbio zake, jua kwa kuwaka, na aliyepiga ile solo kwa kuinyoosha vile, kwani angetikisika kidogo tu angepungukiwa na nini? Bado nasema yangu ina ladha zaidi. Na nyinyi mnaoniandikia "pole sana Omari" huku mmeweka vile vichwa vinavyotoa machozi kwa kucheka, pole zenu nimezikataa. Njooni mzichukue.